Nepi za Udongo

Alipofika kwa mama mkwe wake, kitu cha kwanza alichokiona ni nepi. Zilikuwa zimeanikwa pembeni mwa nyumba, zimebanwa vizuri kwa vibanio, na zilikuwa za kwake. Alizijua hata kwa mbali, maana hakuna mama mwingine ambaye nepi za mwanawe zina madoa ya udongo yasiyotoka hata kwa dawa. Alisimama getini, mkoba begani, mkono kwenye komeo, na moyo ukimdunda kama wa mwizi. Vilikuwa vipande vya kitambaa tu. Lakini ndoa yake ilianikwa kwenye kamba kama ile, na leo alikuja kuianua.

Ndani ya mkoba mlikuwa na viatu vya watoto. Siku waliyoondoka walikuwa na ndala. Mtu hambebei mwenziwe viatu kama hana nia ya kutembea naye, na yeye alikuwa na nia. Alitaka kurudi na watoto wake leo hii, kabla jua halijazama, na baba yao akiwa nyuma amebeba begi.

Yeye alikuwa mfinyanzi. Vyungu alivijua, lakini alichokipenda ni kufinyanga watu: kizee anayefunga kamba za viatu, msichana anayepiga miayo, mtu na mzigo wake. Kabla hajaolewa alikuwa na chumba kimoja, meza moja na tanuri dogo la umeme, na siku koili ya tanuri ilipoungua aliitiwa fundi umeme mmoja mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa. Fundi akatengeneza koili. Baada ya siku chache akarudi kuangalia kama inaendelea vizuri. Akarudi tena. Koili haikuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa alikuwa fundi. Alimwita Msanii, kwa utani mwanzoni, kisha kwa sauti nyingine kabisa. Mama yake aliposikia habari za posa alimuuliza mwanawe kama anajua kwamba sanamu haziliwi. Fundi akajibu kwamba yeye hula kidogo.

Wakaoana. Akazaliwa binti, ambaye sasa alikuwa anakaribia kuanza shule, na jina lake halisi lilikuwa limesahaulika kwa sababu kila mtu alimwita Mwalimu. Alianza kuongea mapema, na alipoanza kuongea alianza kusahihisha. Mgeni akisema "kiatu yangu" anaambiwa "changu". Jirani akisema "watoto amelala" anaambiwa "wamelala", tena kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma. Baba yake alikuwa akikosea kwa makusudi kila jioni akitoka kazini, ili tu asahihishwe. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha miguu na kusema, "Mwalimu, leta ndala yangu hizo," na binti akaja mbio, mkono kiunoni, "Ndala zangu hizo, baba." Ndiyo ilikuwa salamu yao. Baadaye akaja Kibonge, wa kiume, mnene, mcheshi, na mpaka leo wa nepi.

Basi na kazi ikabidi ijipenyeze kati ya watoto. Mfinyanzi alifanya kazi Kibonge akilala na Mwalimu akichora sakafuni. Akipata muda wa mkono wa sanamu hapati wa sikio, akipata wa sikio hapati wa mwili. Na udongo nao ni kama mtoto, hautaki kuachwa. Kazi ambayo haijakamilika lazima ifunikwe kwa kitambaa kilicholoa, na kitambaa kinyunyiziwe maji asubuhi na jioni, la sivyo udongo unakauka kabla ya wakati na kupasuka. Alijaribu magunia, alijaribu mashuka ya zamani. Mwishowe akagundua kwamba hakuna kitambaa kinachoshika maji kama nepi ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na nepi mbichi za aina mbili, za Kibonge kwenye beseni na za udongo kwenye chumba cha kazi, na yeye peke yake ndiye aliyejua ipi ni ipi.

Mwaka ule alifinyanga mwanamke anayeinama. Alimfikia kiunoni kwa urefu, mgongo umepinda, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea chini kwenye kitu ambacho hakionekani. Mwenye ukumbi wa maonyesho alikuja kumwona, akamzunguka kimya, kisha akasema huyu atakaa katikati ya ukumbi. Katikati. Tangu awe mama, hakuna mtu aliyekuwa amemwekea kitu chake katikati ya mahali popote.

Siku aliyokwenda kuiangalia nafasi yenyewe, Fundi alibaki na watoto. Jua lilikuwa kali. Alitaka kumfurahisha mkewe, akaamua kufua. Mfinyanzi aliporudi aliikuta kamba ya nyumbani imejaa nepi kutoka mwanzo hadi mwisho, na mumewe mlangoni, mikono ina povu mpaka viwikoni, anatabasamu kama mtu aliyeshinda mbio. Yeye hakusimama. Alizitazama nepi mara moja, akampita mumewe, akaingia chumba cha kazi. Mwanamke wake alikuwa uchi mbele ya dirisha, amekauka na kuwa mweupe, na ufa mpana ulitoka kwapani hadi kiunoni. Ule mkono ulionyooshwa ulikuwa sakafuni.

Hakupiga kelele. Aligeuka, akawakuta wote mlangoni, na akasema polepole, "Mmeniharibia maisha."

Fundi alimtazama Mwalimu, aliyekuwa amesimama na kibanio mkononi. Kisha akaanua nepi chache kwenye kamba, akambeba Kibonge, akamshika binti mkono, wakatoka. Mke hakuwazuia. Alikaa sakafuni na ule mkono wa udongo mapajani hadi giza likaingia, na aliposhtuka kwamba nyumba iko kimya, kimya kilikuwa kimeshazoea kukaa.

Hayo ndiyo yaliyomleta getini leo, baada ya wiki nzima na ushee ya kulia na kusubiri simu.

Mama mkwe alikuwa barazani, sinia ya maharage mapajani, akichambua. Hakuinuka. Alimkaribisha kwa kumsogezea kigoda kwa mguu, akamuuliza habari za safari kana kwamba ametoka mbali, ingawa ni mwendo wa mtaa wa tatu tu. Kibonge alikuwa pembeni akipanga vifuniko vya chupa. Alipomwona mama yake alimkodolea macho kidogo, akifikiri, kisha akajirusha mapajani mwake kwa uzito wake wote. Mfinyanzi alizika uso kwenye shingo ya mtoto. Alinukia sabuni ya nyumba nyingine.

"Mama, nimekuja kuwachukua," alisema.

"Nimeuona mkoba."

"Najua nilikosea."

Mama mkwe alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitazama, akalitupa. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sikukutaka, na unajua. Niliona mwanangu anaoa matope. Lakini tusidanganyane. Kosa la nepi ni la mwanangu, kosa la neno ni lako, na hayo mawili usiyachanganye, kila mtu abebe lake. La kwake amelibeba vizuri. Jana nilimwambia aanue kitambaa cha meza, akaniuliza mara mbili kama kweli ni cha meza."

Mfinyanzi alicheka bila kutaka, na kicheko kikamtoa machozi.

Mama mkwe alimwacha alie. Alipoona ametulia kidogo alisema kwamba Kibonge anaweza kubebwa hata sasa, maana huyo hana kinyongo na mtu isipokuwa mwenye kumnyima chakula. Lakini Mwalimu si mzigo wa kufuatwa kwa mkoba. Lazima aulizwe, na akikataa hakuna wa kumlazimisha.

"Wanasema majuto ni mjukuu," aliongeza. "Mimi mjukuu ninaye hapa ndani, na wewe majuto unayo. Tuone kama wataelewana."

Mwalimu alikuwa chumbani, akichora. Mama yake alitaka kwenda, akainuka, akakaa tena. Akaomba amsubiri kwanza baba yao.

Fundi alirudi jua likiwa limepoa, ngazi begani, mkanda wa bisibisi kiunoni. Alimwona tangu getini. Macho yao yakakutana, na kwa kitambo kile kidogo alikuwa ni yule yule wa koili, masikio na yote, mtu aliyekuwa akitafuta sababu ya kurudi. Kisha akayaondoa macho, akaegemeza ngazi ukutani taratibu mno.

"Karibu, mama watoto," alisema.

Lilimchoma. Hakuna kosa katika kuitwa mama watoto, wanawake wangapi wanaitwa hivyo na kuitika kwa furaha. Lakini yeye alizoea Msanii, hata siku za ugomvi, hata siku aliyojifungua, Fundi akimfuta jasho na kumwambia Msanii kazi hii ni nzuri kuliko zote. Aliitika kwa sauti ndogo. Wakazunguka nyuma ya nyumba, wakakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Umekonda," Fundi alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi napikiwa na mama. Huruhusiwi kukonda hapa."

Mfinyanzi alitamani kumshika mkono, ule wenye kovu la waya, lakini hakujua kama bado ni wake wa kushika. Badala yake alianza kuomba msamaha, maneno yote aliyoyapanga njiani. Alisema nepi hazikuwa kosa la mtu, nani angejua, hata yeye wakati mwingine anazichanganya. Alisema alikuwa amechoka. Mwenye ukumbi ameshampa mtu mwingine ile nafasi, na hata hilo amelikubali, litapita. Alisema hasira ni hasara na yeye ameiona hasara yake, nyumba imekuwa kama duka lililofungwa.

Fundi alimsikiliza hadi mwisho. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kusubiri mpaka waya wote upoe ndipo aushike.

"Hasira zako nazijua," alisema. "Hata koili ikiungua unaitukana. Mimi sikuondoka kwa ajili ya hasira."

"Kwa ajili ya nini basi?"

"Ya mme."

Mfinyanzi aligeuka. "Mume gani?"

"Si mume. Mme." Fundi karibu acheke, lakini hakucheka. "Ulisema 'mmeniharibia'. Ungesema 'umeniharibia', ningelala sebuleni, asubuhi ningekuchemshia chai, na yangekwisha. Mimi ni mtu mzima, niite lolote. Lakini ulisema mme, na ulikuwa unatutazama wote."

Mfinyanzi alifungua mdomo kusema kwamba ulimi hauna mfupa, kwamba ni herufi moja tu. Akakumbuka mtoto waliyemzaa ni mtoto wa aina gani. Katika dunia nzima, herufi moja aliiangusha mbele ya mtu ambaye asingeiacha ipite.

"Alikuuliza nini?" alinong'ona.

"Hakuuliza. Ingekuwa afadhali angeuliza." Fundi aliinama, akaanza kuokota mchanga kwenye soli ya kiatu. "Tangu tuje hapa hajanisahihisha hata mara moja. Namwambia leta ndala yangu hizo. Analeta, ananiwekea miguuni, anakwenda zake. Juzi nilikosea maneno matatu kwa mkupuo. Mama akacheka. Yeye alinitazama tu, kama ameambiwa hiyo kazi si yake tena."

Mfinyanzi alijifunika uso. Wiki nzima alikuwa amemlilia mwanamke wa udongo, na kulilia ndoa yake, na kulilia nafasi katikati ya ukumbi. Hakujua kwamba kulikuwa na ufa mwingine unaotembea chini chini, kwa mtoto.

"Niitie," alisema. "Au tumfuate."

Hawakuhitaji kumfuata. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao, kalamu ya rangi mkononi, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Nywele zake zilikuwa zimesukwa na bibi, vibaya kidogo. Alimsalimia mama yake kama anavyosalimiwa mgeni, vizuri, bila kukosea, na hakusogea.

Mama yake alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni ili nyuso zao ziwe sawa. Alimwambia amemkumbuka sana. Alimwambia siku ile mama alikasirika, akasema maneno mabaya ambayo hakuyakusudia.

"Ulisema mmeniharibia maisha," Mwalimu alisema.

Fundi aliingia kati haraka. "Hapana, mama alisema umeniharibia. Alikuwa ananiambia baba. Wewe ulisikia vibaya."

Fundi hakuwa mwongo. Katika miaka yote ya kuishi naye, mkewe hakuwahi kumsikia akimdanganya mtoto, hata kwamba dawa ni tamu. Sasa alikuwa amesimama pale, masikio yamemwiva, akimfungulia mkewe mlango wa kutokea. Kilichotakiwa ni kuitikia tu. Ndiyo, alikuwa anamwambia baba peke yake. Mfinyanzi alimtazama mumewe, na alimpenda kuliko siku zote, na alijua akiutumia mlango ule hatakuwa na haki ya kumpenda tena.

Lakini Mwalimu alishageuza kichwa. Alimtazama baba yake kwa ile huruma ya zamani.

"Hapana, baba," alisema. "Alisema mme. Ume ni mtu mmoja. Mme ni wengi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsahihisha mtu tangu siku ile. Kule barazani, sauti ya maharage kwenye sinia ilikoma.

"Ni kweli," mama yake alisema. "Baba amekosea. Nilisema mme."

"Na Kibonge?"

"Na Kibonge pia. Nilikosea."

Mwalimu alifikiri. "Kibonge hakufanya kitu. Yeye alikuwa amelala."

"Hakufanya kitu. Hata wewe hukufanya kitu, mwanangu."

"Mimi nilifanya."

Fundi alisema, "Mwalimu, inatosha," lakini kwa sauti isiyokuwa na nguvu, kama mtu anayejaribu kushika maji.

"Mimi ndiye niliyemvua yule mama," Mwalimu alisema. Alikuwa akitazama kalamu yake. "Baba alisema leta nepi zote zilizoloa. Nikaenda kuangalia, na yule mama zake zilikuwa zimeloa, zimeloa sana, zinadondosha. Nepi ikiloa inabadilishwa, kwa sababu mtoto anapata mafua. Nikamvua zote. Nikamwomba baba kavu nimfunge, akasema zote ziko kwenye kamba, tusubiri. Nikasubiri. Zikachelewa kukauka."

Mfinyanzi alifumba macho. Aliiona siku nzima upya: mikono midogo ikifungua pini, ikikunjua kitambaa kwa uangalifu kutoka kwenye mgongo ule uliopinda. Na yale maneno ya mafua yalikuwa yake mwenyewe. Aliyasema kila asubuhi juu ya kitanda cha Kibonge, neno kwa neno, huku Mwalimu akimshikia pini. Hakumfundisha mtu mwingine yeyote kazi yake ya pili, ile ya udongo. Alisema tu usiguse, usiguse, mama anafanya kazi. Mtoto akachukua somo alilokuwa nalo, akalitumia kwa mama aliyeloa.

"Ulifanya nilivyokufundisha," alisema mwishowe. "Ulifanya vizuri. Mimi sikukwambia kwamba yeye anatakiwa kuloa. Sikukwambia kitu."

"Lakini alipasuka."

"Alipasuka."

"Hauungiki, ule mkono?"

"Hauungiki. Udongo ukishakauka haushikani na mwingine. Nimemvunja mwili wote, nimemloweka kwenye ndoo."

Mwalimu aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Yuko kwenye maji?"

"Yuko kwenye maji. Analainika."

"Atakuwa mama tena?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa pale pale, tamu, na watoto hupewa maneno kama hayo kila siku. "Sijui," alisema. "Udongo utakuwa mzuri. Yeye mwenyewe hatarudi, lile pozi lake sitalipata tena. Labda atakuja mwingine."

Mtoto alitikisa kichwa taratibu, akikubali. Alimkubalia mama yake akae naye sakafuni na amwonyeshe alichochora, na alikuwa amechora kamba yenye nepi, ndefu, kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine. Walikaa hivyo kwa muda. Mama yake alimshika bega, na bega halikukimbia, ingawa halikuegemea pia. Kisha bibi akaita kutoka barazani, akitafuta mtu wa kumsaidia kuosha maharage, na Mwalimu akaenda, maana kazi ni kazi.

Walipobaki wawili, Mfinyanzi alimgeukia mumewe.

"Ulijua."

"Nilijua nilipokuona unaingia kule ndani. Kabla ya hapo sikuwa nimefikiria zimetoka wapi. Nilifua tu."

"Wiki nzima nimekutukana moyoni. Kwa nini hukuniambia?"

Fundi alikuna shingo. "Mimi ungenikasirikia mwezi mzima, nikazoea. Yeye ungemkasirikia dakika moja tu, halafu ungejuta, ungemkumbatia. Lakini ile dakika angezeeka nayo."

"Ameipata hata hivyo."

"Ameipata," Fundi alikubali. "Nilichelewa. Kama zile nepi."

Sasa ndipo Mfinyanzi alipomshika mkono, na yeye hakuuondoa. Mikono yote miwili ilikuwa mikavu, ya vumbi la kuta na ya udongo. Alitaka kumwambia njoo nyumbani, lakini alijua jibu, na Fundi alijua kwamba anajua. Binti akikaa, baba atakaa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mkewe angemdharau kama angefanya vinginevyo.

Alirudi barazani, akafungua mkoba, akatoa viatu. Vya Kibonge alimvisha mwenyewe, akamvua tena, akaviweka chini. Kumtenganisha na dada yake hakuweza. Mama mkwe aliona yote hayo, na alipomsindikiza kwa macho mpaka kwenye ngazi alimwambia kesho apike kidogo, wao watamletea chakula, asije akakonda mpaka akapotea. Kwa mwanamke yule, hilo lilikuwa karibu na busu.

Mwalimu alikuja na mikono inayodondosha maji. Mama yake alichutama, akamuuliza, bila kumvuta, kama angependa waende nyumbani.

Mtoto alimtazama baba yake, akamtazama bibi, akayatazama maharage ambayo hayajaisha. "Leo namsaidia bibi," alisema. "Kesho baba atanileta nimwone kwenye ndoo. Nitaingiza mkono?"

"Utaingiza yote miwili. Nitakufundisha."

"Na Kibonge?"

"Na Kibonge, tukiweza kumzuia asimle."

Mwalimu alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la upande mmoja, lakini mama yake alilipokea kama maji. Alisimama, mkoba begani ukiwa mwepesi. Fundi alimfungulia geti. Alipopita karibu naye alisema chini chini, "Pole pole, Msanii," na ilimbidi ashike komeo ili asimwangukie.

Nyuma yake Mwalimu alikuwa amepanda juu ya kigoda ili aonekane, na anapunga mkono.

"Kwaheri, mama," aliita. "Kesho nitakuja kwako."

Mfinyanzi aligeuka. Kwetu, alitaka kusema. Sema kwetu, mwanangu. Alisubiri mmoja wao aseme. Fundi alikuwa akitazama vidole vya miguu yake, na mama mkwe alikuwa ameinamia sinia, na Kibonge alikuwa na kiatu mdomoni. Hakuna aliyemsahihisha mtoto yule, kwa sababu katika maneno Mwalimu hakuwahi kukosea.